Kabla ya Kutuambia Intaneti Ipo, Tuulizeni Pingi ni Ngapi

Leo tunaongea juu ya gemu. Tunajua wengine wataacha kusoma hapa hapa. Tafadhali vumilieni kidogo, maana habari hii inaishia kwenye mambo ya kazi na shule.

Jumamosi moja tulikuwa wanne kwenye PUBG Mobile, tumekaa nyuma ya kibanda cha kuchaji simu. Tumebaki sisi na timu mbili tu. Mwenzetu anamwona adui, anapiga, anamaliza risasi zote. Adui hata hashtuki. Kuangalia juu ya kioo, pingi imekuwa nyekundu, imefika 380. Picha ikaganda, iliporudi mwenzetu alikuwa amelala chini, amekufa zamani. Tukacheka, tukatukana mtandao kidogo, tukaenda kula posho na maharage.

Jumatatu yake, saa tatu asubuhi, dada mmoja wa kundi letu alikuwa na usaili kwa video. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutafsiri Kiswahili na Kifaransa, unafanyia nyumbani. Alikaa kwenye kituo kimoja chenye waifai hapa kambini. Alikuwa amejiandaa wiki nzima, hata kitambaa alikopa kwa jirani. Wakamuuliza swali, akajibu, lakini kule upande wa pili jibu lilikuwa halijafika, wakadhani amenyamaza, wakauliza lingine. Maneno yakagongana. Mara sura yake inaganda mdomo uko wazi. Baada ya dakika kama kumi na mbili wakamwambia watamwandikia. Waliandika kweli: asante sana, tumempata mtu mwingine. Siku ile hakuna aliyecheka.

Sisi tunasema hivi: ugonjwa uliomuua mwenzetu kwenye gemu Jumamosi ndio uliomnyima dada yetu kazi Jumatatu. Unaitwa lagi. Ukiwa kwenye gemu, watu wazima wanasema ni upuuzi wa watoto. Ukiwa kwenye usaili, wanasema bahati mbaya. Na katika kambi hii, waliozoea kuupima kila siku ni wale vijana wanaofukuzwa kwenye kompyuta kwa sababu wanacheza.

Kwanza tuelewane lagi ni nini

Kuna magonjwa mawili yanayofanana, na wengi tunayachanganya.

La kwanza ni la simu. Simu imejaa picha, imepata moto, memori ni ndogo, gemu ni kubwa. Hapo picha inaruka-ruka na kila kitu kinakuwa kizito, hata ukicheza bila intaneti. La pili ni la mtandao. Picha yako iko laini kabisa, lakini unapiga mtu na hafi, au mchezaji anatoka hapa anatokea pale kama jini. Hilo ndilo pingi inapima: muda ambao ujumbe wa simu yako unachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Unahesabiwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja iliyokatwa vipande 1,000.

Chini ya 100 unacheza vizuri. Kati ya 100 na 200 unacheza ukijua kuvumilia. Kupita hapo, unasukuma tu. Na msidhani ni mambo ya gemu peke yake. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linashauri kwamba watu wakiongea kwa simu, sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikipita 400, mazungumzo yanaharibika, watu wanaanza kukatana maneno. Dada yetu alikuwa humo humo.

Sasa, kasi ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na intaneti ya megabiti nyingi, anapakua filamu haraka, na bado kwenye gemu anakufa ovyo. Fikirieni lori na boda. Lori linabeba magunia mia kutoka Mbarara, lakini linafika jioni. Boda anabeba barua moja na anafika mapema. Gemu na mazungumzo vinahitaji boda. Filamu inahitaji lori. Matangazo yote ya intaneti yanatuuzia lori.

Kuna pia kuyumba. Pingi ya 160 ambayo haibadiliki unaizoea, mkono unajifunza. Pingi ya 90 inayoruka mpaka 400 kisha inarudi ni mbaya zaidi, kwa sababu hujui lini. Afadhali taksi inayochelewa nusu saa kila siku kuliko ile usiyojua kama inakuja.

Kwa nini Nakivale tuko mbali hivi

Uganda haina bahari. Gemu nyingi tunazocheza zina seva Ulaya, Asia au Mashariki ya Kati. Ujumbe wako unatoka kwenye simu, unaenda kwenye mnara, unapita Mbarara, Kampala, na sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii inapita Kenya mpaka Mombasa. Pale unaingia kwenye nyaya za baharini. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo, Afrika Mashariki ilikuwa inategemea setilaiti za mbali angani, na pingi yake ilizidi nusu sekunde.

Ndani ya waya wa faiba, mwanga unasafiri kilomita karibu 200,000 kwa sekunde. Ni mbio, lakini hesabuni: kila kilomita 1,000 ni kama milisekunde 10 kwenda na kurudi. Njia ya nyaya kutoka hapa mpaka kusini mwa Ulaya ni kilomita elfu tisa au kumi hivi. Maana yake, hata kama kila kitu kiko sawa kabisa, huwezi kushuka chini ya 90 kwenye seva ya Ulaya. Hakuna programu, hakuna maombi, hakuna simu ya bei kubwa itakayobadilisha hiyo. Anayekuambia atakupa pingi 20 kwenye seva ya Ulaya ukiwa Nakivale, anakula pesa yako.

Na njia yenyewe ni nyembamba. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja baharini, na intaneti ikalegea Kenya, Tanzania, Uganda na kwa majirani wengine. Wengi wetu tulilaumu simu zetu siku ile. Kuna mwenzetu aliyefuta gemu na kuipakua upya, akachoma bando yote bure.

Lakini umbali wa Ulaya ni ule ule kwa mtu wa Mbarara na kwa mtu wa Nakivale. Tulijaribu wenyewe. Tulienda Mbarara kwa shughuli nyingine, tukakaa karibu na High Street, simu ile ile, laini ile ile, seva ile ile ya Ulaya. Pingi ilikaa 150, 155, 150. Tukarudi kambini jioni: 190, 240, 410, 200. Tofauti hiyo haitoki baharini. Inatoka kwenye hizi kilomita chache za mwisho: mnara mmoja unaobeba watu wengi, betri ya mnara, nyumba zetu, na simu zetu. Sehemu kubwa ya hiyo hatuiwezi. Lakini ipo tunayoiweza.

Tunayoweza kurekebisha wenyewe

1. Toka ndani ya mabati. Mabati yanarudisha mawimbi nyuma. Nyumba ya mabati juu na pembeni ni kama sufuria yenye kifuniko. Nyumba ya udongo yenye shitingi inapitisha vizuri zaidi. Kama huwezi kutoka, kaa dirishani au mlangoni, upande unaotazama mnara.

2. Angalia simu iko 4G au inarukaruka. Simu inayoshika 4G kidogo, inaanguka 3G, inarudi 4G, ndiyo inayoleta zile 400. Ingia kwenye mipangilio ya laini, chagua aina ya mtandao. Kama 4G inashika vizuri, iache hapo. Kama ni dhaifu sana unapokaa, jaribu 3G peke yake na upime. Wakati mwingine 3G iliyotulia inashinda 4G inayoyumba.

3. Zima VPN. Hili ni la kwetu hasa hapa Uganda. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, kisha Januari 2021 Facebook ikafungwa. Wengi tulizoea kuwasha VPN na kuisahau. Ukiwa na VPN, ujumbe wako unapita kwanza Uholanzi au Marekani, ndipo unaenda kwenye seva ya gemu. Umejiongezea safari. Tumemkuta kijana mmoja wa New Congo analalamika miezi mitatu kuhusu lagi, kumbe kifunguo cha VPN kinawaka juu ya kioo.

4. Funga wanaokula kimya kimya. WhatsApp inapakua video za makundi, Google inapandisha picha zako, duka la programu linasasisha vitu. Zima kupakua kwenyewe kwenye WhatsApp, na weka masasisho yasubiri mpaka uyaruhusu. Mechi yenyewe inakula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu. Na kumbukeni kila bando ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo unapoteza mara mbili.

5. Chagua seva kwa kupima. Kama gemu inakuruhusu kuchagua, cheza mechi mbili Ulaya, mbili Mashariki ya Kati, andika pingi kwenye karatasi. Usifuate jina la bara. Njia ya nyaya haifuati ramani ya shule.

6. Shusha ubora wa picha kama simu inapata moto. Hii haishushi pingi, tusidanganyane, lakini inatibu ule ugonjwa wa kwanza. Usicheze ukichaji, na usicheze na simu juani.

7. Ukitumia simu ya mwenzako kama hotspoti, muwe karibu. Kama ni kompyuta, tumia waya wa chaja kuunganisha badala ya waifai. Inatulia zaidi.

8. Achana na programu za kuongeza kasi. Nyingi zinafunga tu programu nyingine, kazi ambayo unaweza kuifanya kwa kidole, halafu zinakuletea matangazo yanayokula data ile ile uliyotaka kuokoa.

9. Jua saa zako. Kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku kila mtu yuko mtandaoni. Alfajiri mnara umelala. Kama una mtihani au usaili na unaweza kuchagua saa, chagua asubuhi mapema.

Kilichotokea Jumatatu ile

Mtasema: dada yenu alikuwa na usaili asubuhi, tena kwenye waifai ya kituo, mbona alikwama? Na sisi tulijiuliza hivyo.

Jumatatu iliyofuata tulienda kituoni saa mbili na nusu, tukaomba ruhusa ya kupima. Yule aliyekuwa zamu alituangalia kama wezi, lakini akaturuhusu. Kabla kompyuta hazijawashwa, pingi ilikuwa 165, imetulia. Saa tatu kompyuta zote zikawashwa pamoja. Zilikuwa zimezimwa tangu Ijumaa, kwa hiyo kila moja ikaanza kuvuta masasisho yake. Dakika zile zile mfanyakazi mmoja akaanza kupandisha picha na video za semina ya wikendi. Pingi ikapanda: 300, 500, 900. Saa nne na robo ikashuka yenyewe.

Ni kama mstari wa maji. Wewe umekuja na kikombe kimoja, lakini mbele yako mtu amepanga madumu ishirini. Bomba halina shida, maji yanatoka. Ila kikombe chako kitasubiri mpaka dumu la mwisho lijae. Maneno ya dada yetu yalikuwa kikombe.

Tukamweleza mhusika. Kusema kweli alitusikiliza, tunamshukuru. Kompyuta zikawekwa alama kwamba intaneti ni ya kulipia kwa kipimo, hivyo masasisho mengi yanasubiri. Picha za semina zikahamishiwa jioni. Shilingi hata moja haikutumika. Lakini tulipoomba ruta yenyewe ipangwe, ili kila kifaa kiwe na kikomo na simu za video zipite mbele, tukaambiwa nywila iko kwa fundi aliye mbali, na fundi anakuja akiitwa na ofisi. Mpaka leo tunasubiri.

Dada yetu hakurudishiwa usaili wake. Jambo hilo bado linatuuma, kwa sababu dawa ilikuwepo na sisi tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunaitumia kwenye gemu tu, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Kwa ndugu zetu wa mashirika

Tunajua mtatujibu nini. Watu hawana chakula, nyinyi mnaleta habari za pingi? Ni swali la haki. Mwaka 2025 WFP iliishiwa fedha, na karibu wakimbizi milioni moja hapa Uganda wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Sisi tunaoandika tuko na mama zetu na wadogo zetu kwenye hesabu hiyo. Hatuombi hela ya gemu.

Lakini nyinyi wenyewe mnatufundisha kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mnatuletea mafunzo ya kidijitali, mnatuambia kazi ziko mtandaoni, kozi ziko mtandaoni, udhamini wa masomo unaombwa mtandaoni na usaili wake ni kwa video. Sawa. Basi njia ya kufika huko iwe inapitika. Kijana aliyefundishwa miezi sita akashindwa kwa dakika kumi na mbili za kuganda, yale mafunzo yamekwenda wapi?

Tunaomba mambo matatu, na yote ni ya bei ndogo.

La kwanza, kwenye ripoti zenu msiandike tu megabiti na idadi ya watu waliotumia. Pimeni pingi asubuhi, mchana na usiku, na muandike inavyoyumba. Ni kazi ya dakika tano, na sisi tutawapimia bure.

La pili, kila kituo kiwe na meza moja yenye waya, si waifai, kwa ajili ya usaili na mitihani, na ratiba yake ibandikwe ukutani. Mtu akiwa pale, masasisho na picha vinasubiri.

La tatu, wafundisheni vijana wawili wa kila kituo kutunza ruta, na muwape nywila. Ruta iko Nakivale, atakayejua saa tatu asubuhi kwamba imezidiwa ni mtu wa Nakivale. Na mkitafuta vijana hao, msianze kwa wenye vyeti tu. Anzeni na yule anayejua pingi yake ya jana usiku ilikuwa ngapi.

Kwa vijana wenzetu

Na sisi tusijifiche nyuma ya maneno mazuri. Kuna wanaokesha kwenye gemu mpaka darasa linawapita, na kuna wanaouza hata sabuni ya nyumbani kununua bando. Wazazi wanaogombana na gemu wameona hayo, hawajayatunga. Kama unataka waheshimu unachokijua, kitumie pale wanapokiona. Jirani yako ana mwanawe Kampala au Australia na video inakatika kila siku, mfuate, mwambie mama, leta simu tuangalie. Zima ile VPN yake. Mhamishie mlangoni kutoka chini ya mabati. Mwache aone uso wa mwanawe bila kuganda. Hapo ndipo mtaongea naye vizuri juu ya gemu.

Sisi kundi letu tumeanza daftari. Kila jioni mtu mmoja anaandika saa, mahali, aina ya mtandao na pingi. Tuko na kurasa za Base Camp na New Congo. Za Rubondo na Juru bado ni nyeupe. Aliye huko na ana simu na kalamu, atuandikie. Tukifikisha miezi mitatu tutalipeleka daftari lenyewe kwenye mkutano wa mashirika, tuliweke mezani, na tuone nani atasema tena intaneti ipo.